Riat mara debe

Mwalimu Wasike aliandika volti ubaoni, akaifuta,
akaniuliza: "Jana ulipanda Riat na nini kichwani?"
Debe la mahindi.
"Na Ochola?"
Kofia.

"Mkafika juu pamoja."
Ndiyo.
"Basi kimo ni cha kilima.
Hakiulizi mzigo. Hata usiku,
njia ikiwa tupu, kipo palepale."

Lakini debe likiponyoka
litamtobolea mtu bati lake huko chini Otonglo;
kofia itachezacheza na upepo,
mbwa aiokote.

Volti ni Riat.
Nishati ni Riat mara debe.
Nimeelewa, nadhani,
ingawa chaji hasi bado inanitatiza:
kwake yeye, kupanda ndiko kuteremka.

Hayo mengine
shingo yangu iliyajua tangu jana.