Anwani ya Kudumu

Duka langu ni meza, mashine ya kunakili, na hita
inayokohoa kunishinda mimi.
Hapa Ulaanbaatar, mwezi wa Januari,
watu huingia kwanza kuota joto;
shida zao huzitaja baadaye.

Nomindari aliingia na barafu kwenye kope,
akavua glavu kwa meno,
akaweka mezani bahasha inayonuka moshi wa samadi:
cheti cha shule, picha mbili za uso usiocheka,
barua ya chuo cha Leipzig
(tiba ya mifugo, miaka mitano na nusu)
na fomu iliyojazwa yote
isipokuwa mstari mmoja.

"Andika unapoishi," nikamwambia.
"Lini?" akauliza.

Sikucheka. Nilijua anachouliza.
Wakati wa baridi wako nyuma ya kilima kinachokinga upepo,
machipuko yakianza wako kando ya mto,
kiangazi wako juu kabisa, kusiko na nzi,
na vuli wako popote Dashnyam, baba yake,
atakapoona nyasi zimemwita.
"Hema letu hufungwa kwa saa mbili," alisema,
"lakini popote tulipo, mlango hutazama kusini.
Hiyo haitoshi?"

Nikamwambia haitoshi.

Mwaka jana walimnyima.
Karatasi ilisema nia yake ya kurudi haikuthibitika,
hana mafungamano ya kutosha na nchi yake.
Wanataka hati ya nyumba, hati ya shamba,
kitu kizito kama jiwe la nanga
cha kumvuta mtu arudi.
Nyasi hazina hati.
Farasi saba hawana risiti,
ingawa yule mwekundu hulala mlangoni
tangu binti aende bwenini.

Fedha anazo, hilo halina ubishi.
Vuli iliyopita, kabla bei haijaanguka,
baba aliuza kondoo mia na sitini na tatu,
zikatumwa Ujerumani kwenye akaunti iliyofungwa
hadi mwenyewe afike azifungue.
"Kondoo wangu wameshaingia Ulaya," mzee alisema kwenye simu,
"na hakuna aliyewauliza kama watarudi."

Nikampa dawa ninayowapa wote:
fleti ya shangazi yangu, jengo la kumi na nne, ghorofa ya tano.
Vyumba viwili. Kwa mujibu wa kalamu yangu
wanaishi humo, kwa kudumu,
wanafunzi kumi na mmoja.

Akaipulizia kalamu, wino ulikuwa umeganda.
Akatazama ukuta wangu, kalenda ya mwaka juzi,
waya wa hita uliofungwa kwa utepe.
"Wewe hapa una miaka mingapi?"
"Ishirini na miwili."
"Utahama?"
"Niende wapi?"

Basi akaandika duka langu.
Mtaa, namba, mlango wa bluu pembeni mwa kinyozi.
Mimi niliyezichukia kuta hizi nne
kila asubuhi ninapopachika ufunguo,
nikanyamaza, nikagonga muhuri,
nikamtoza nusu ya bei.

Hapo mlangoni aligeuka:
"Baba hana pa kupokea barua.
Wakihama, atakupigia."

Machi, alipiga. Theluji ngumu imefunika malisho,
mbuzi ishirini wamekufa wakiwa wamesimama.
Alieleza polepole, kama anayesoma fomu:
bonde la pili, upande wa jua,
ukifika kwenye mti uliopigwa radi, pinda kushoto.
Nikaandika nyuma ya kalenda.

Mei, alipiga tena. Wamevuka mto.
Akauliza kama ubalozi umejibu.
Nikasema bado.
Akanyamaza kidogo, nikasikia mbwa, na upepo,
na mtu akigongea mambo ardhini.
"Mlango tumeuweka kusini," akasema. "Mwambie."