Mguu Hauna Macho

Majira yote ya baridi Ragnvald alizing'arisha pedeli tatu,
kwa msasa, kisha msasa laini zaidi,
kisha kitambaa na mate,
mpaka ukiinama unaiona pua yako ndani ya breki.
Alipenda kitu king'ae. Mimi nilishika taa,
nikanyamaza: gari ni lake, mjomba ni wangu.

Mwili wa Volvo ya zamani, injini ya gari la maziwa,
viti vya basi lililostaafu.
Miaka sita bandani, huko Norrsele,
ambako jua la Desemba huchungulia tu, likaenda zake.

Aprili, theluji imegeuka uji barabarani,
akapanda na buti zake, soli zinachuruzika,
akatoka kwa honi.
Kona ya kwanza mguu ukaitafuta breki,
ukaipata, ukaikosa,
tiii, kama sabuni iliyoponyoka mkononi,
na gari likaingia polepole kwenye rundo la kuni la Hillevi
kama mgeni aliyekosea mlango.

Hakuna aliyeumia. Kuni ziliporomoka kwa muda mrefu,
moja, moja, halafu moja ya mwisho
iliyosubiri kwanza tuamini kwamba zimekwisha.

Hillevi akatoka na aproni yake. Hakugomba.
Aliinama mlangoni mwa gari, akapitisha kidole juu ya breki.
"Hizi umezitengenezea macho," alisema.
"Mguu hauna macho."

Tukaanza upya.
Tukabandika msasa mzito kwa gundi:
ulitafuna soli wiki mbili, kisha ukabanduka.
Tukaleta raba ya tairi la lori, tukaikata kwa kisu cha moto:
ilishika vizuri mpaka tone la kwanza la oili.
Ragnvald akachomelea vipele vya chuma,
safu kwa safu, akajisifu;
navyo vikaling'ang'ania buti hata mguu,
ukitoka kwenye mafuta kwenda breki,
ukabaki njiani kama nguo iliyonaswa na miiba.
Hapo nikajua kushika si kazi yote.
Kuna kuachia pia.

Hillevi alifanya kazi miaka thelathini kiwanda cha mbao,
akipanda ngazi zenye barafu, ndoo mikono yote miwili.
Alileta kipande cha ngazi ile,
amekifunga kwenye gazeti kama samaki.
"Toboeni kutoka nyuma,
ukingo uinukie upande wa mguu. Halafu tupa, kidogo tu.
Mkimaliza pitisheni kiganja: kikwaruzwe, kisikatwe."

Klachi matundu tisa. Breki kumi na moja.
Pedeli ya mafuta tukaipa mistari mitano basi,
kwa sababu mguu ule lazima uteleze kidogo,
ama sivyo gari litarukaruka kama mwanambuzi.
Vumbi la chuma likatuingilia hadi kwenye kahawa.
Tukajaribu kwa buti zilizolowa, kwa viatu vya Jumapili,
kwa soksi, na hapo Ragnvald akatoa neno
ambalo sitaliandika.

Sasa hazing'ai. Rangi yake ni ya wingu lililokosa la kufanya.
Nilimwona siku moja akizitazama kwa huzuni,
kitambaa mkononi,
akakirudisha mfukoni.

Jumamosi ya kwanza ya Juni akamwalika Hillevi.
Kabla ya kufunga mkanda mama yule alitazama chini, upande wake,
akakuta pedeli ya nne:
matundu kumi na moja, kingo zimepigwa tupa vizuri,
imechomelewa sakafuni,
haijaunganishwa na chochote.

Hakuuliza. Kila tukikaribia kona
huikanyaga kwa nguvu zake zote,
na mimi, kiti cha nyuma, naapa
gari hupunguza mwendo.