Anayegonga Ukutani

Mwanangu Shee aliileta kutoka Mwembe Tayari
imelala ndani ya boksi refu kama jeneza la nyoka.
Saundiba, akasema, na kaka yake mnene
wa kuwekwa chini, pembeni ya kabati.
"Ni ya televisheni, mama. Utasikia sinema."
Sina haja ya sinema.
Kwa vishindo na mayowe, hapa Tudor
paka wa usiku wanatosha.

Nikamwambia zima picha, acha sauti.
Akacheka. Akaunganisha simu yake kwa blututhi,
akaandika Nyuki wa Ganjoni,
jina nililodhani limekufa pamoja na hoteli waliyopigia.
Likatokea. Mtu, sijui nani,
katoa kaseti ile kwenye droo gani,
kaipandisha huko juu pasipo na rafu wala vumbi.
Wasikilizaji kumi na wanane kwa mwezi.
Nikahesabu: wajane, watoto wao, na sasa mimi.

Mwanzo iliimba vibaya.
Shee alikuwa ameiacha kwenye hali ya habari.
Mwimbaji akaja mbele kama msoma taarifa ya saa moja,
kila neno limechanwa nywele,
na gitaa nyuma yake mvua ya mtaa wa pili.
Akabonyeza. Hali ya sinema:
bendi nzima ikatumbukia ndani ya tangi la maji.
Akabonyeza tena, na hapo

miaka thelathini na moja naijua kaseti hii.
Nimeisikiliza jikoni kwa redio ya betri,
spika yake kadiri ya kisahani cha chai,
na siku zote kaka yangu hakuwemo.
Nilijua yumo. Shati la siku ile nililipiga pasi mimi.
Lakini besi haikuenea kwenye kisahani,
nikazoea wimbo usio na sakafu.

Sasa lile boksi nene likakohoa.
Nyayo zikajua kabla ya masikio,
vikombe kabatini vikaanza kusengenyana,
na Bwanaheri akaingia sebuleni bila kubisha:
mapigo matatu ya chini, kimya, mawili,
mwendo wake ule ule,
mguu wa kushoto ukichelewa kidogo.

Ubeti wa tatu amekosea.
Hakuna aliyewahi kuniambia.
Anatangulia, anashtuka, anawangoja wenzake
kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo,
kisha anarudi na kujifanya ndivyo ilivyotungwa.
Nikasema, rudisha.
Shee akarudisha. Akakosea tena pale pale.
Rudisha.
Mara ya nne akadakia msichana
akitaka kutukopesha pesa kwa dakika mbili, bila dhamana.
"Hatujalipia, mama."
Tukamngoja amalize.

Mlango ukagongwa. Mtoto wa ghorofa ya chini,
peku, kitabu cha hesabu kwapani:
"Mama auliza, ni nani agonga ukuta wetu?"
Nikamwambia, mwambie ni mjomba wake Shee,
yuwapita tu.
Akaenda. Nikasikia akilisema hivyo hivyo kule chini,
na mamake akinyamaza.

Adhana ya Isha ilipoanza
Shee alipunguza, akapunguza, mpaka sifuri.
Nilijiona kwenye kioo cheusi cha televisheni:
mwanamke mzima ameinama kabatini,
kiganja juu ya boksi
kama anayepima homa ya mtoto.
Lilikuwa bado na joto.

"Bando limeisha," Shee akasema.
Nikafungua pindo la leso.