Mlango wa Kepa

Mvua ya Eibar hainyeshi, inaning'inia
katikati ya milima kama nguo iliyosahauliwa kambani.
Niliegesha gari mkabala na duka la mikate,
nikaweka kompyuta magotini, sikushuka.
Kiwanda cha vali kilikuwa mita sitini mbele yangu:
lango la chuma, makufuli mawili, kamera,
na mbwa, Beltz, anayemchukia kila mwenye mwavuli.
Mtandao wake wote ulikuwa umemwagika barabarani.

Ofisi. Wageni. Mashine Tatu.
Majina yalinijia bila kuitwa,
kama watoto wasiofunzwa kuogopa mgeni.
Nenosiri lilikuwa mwaka wa kuasisiwa,
uleule uliochongwa kwenye jiwe juu ya lango
kwa herufi za dhahabu, zasomeka hata mvuani.
Niliingia kahawa yangu haijapoa.

Eneko, mwenye mali, akauliza nimevunja nini.
Sijavunja, nikamwambia. Ukuta wako mzuri.
Ila mawimbi hupita ukutani
kama harufu ya mkate ipitavyo pale dukani,
na asiye na senti naye ananusa.

Wiki nzima tulitenganisha.
Wageni kivyao, mashine kivyao;
kerezo halina la kuzungumza na simu ya mpita njia.
Tukang'oa ruta kuukuu iliyofumba siri kwa fumbo
ambalo siku hizi kila mtoto analifumbua.
Kwa wanaofanyia kazi nyumbani, handaki jipya,
na mlangoni pake maswali mawili:
unajua nini,
na umeshika nini mkononi.
Garazi wa uhasibu akanuna. Hata mume wangu, alisema,
haniulizi mara mbili.

Alhamisi nikasoma kumbukumbu za handaki la zamani.
Ni kama kuhesabu viatu mlangoni:
unawajua waliomo bila kuwaona.
Jozi moja ilikuwa haina miguu.
K. Arrieta. Kila usiku, saa nane na dakika nne.
Anaingia, hagusi faili, hafungui barua,
anakaa hadi alfajiri, anakatika.
Huyu ndiye mwizi wako, nikamwambia Eneko,
mjanja, mvumilivu, anapima kina cha maji.
Eneko akaisoma karatasi, kisha akatafuta kiti.
"Kepa tulimzika Februari."

Ghorofa ya nne, hakuna lifti.
Edurne alinifungulia akiwa na unga mikononi.
Kompyuta ilikuwa palepale, miwani ya marehemu juu yake.
"Usingizi ukinikataa naiwasha," alisema.
"Sijui kuitumia. Nasikiliza feni.
Ilikuwa ikivuma hivyo akikesha."
Nayo ikiamka tu, inakwenda kazini,
kama alivyoifunza. Hakuna aliyeipelekea
taarifa ya msiba.

Nikamweleza kwa maneno machache:
mashine isiyopewa viraka tangu Februari,
mlango usio na mwenyewe,
yeyote angeweza kupita kwa mabega ya mumewe.
Akasikiliza. Akauliza kama itaendelea kuvuma.
Itavuma, nikasema.
Nikaondoa ufunguo wa kiwanda, feni nikaiacha.

Ofisini tuliketi na orodha, mimi na Eneko.
Wastaafu wanne. Mmoja aliyefukuzwa kwa matusi.
Mmoja aliyehamia Rosario, kwa binti yake.
Kijana wa mafunzo, wiki mbili tu, miaka sita iliyopita;
Eneko hakumkumbuka hata sura.
Wote bado na funguo mfukoni.
Nikafuta mmoja mmoja. Tulipomfikia Kepa
mfumo ukaniuliza kama nina hakika.
Eneko akaangalia dirishani. Nikabonyeza mimi.

Usiku ule nilikesha hotelini, skrini mbele yangu.
Saa nane. Na dakika nne. Na tano.
Mstari haukuandikwa.
Ng'ambo ya mto, nadhani, feni ilikuwa ikivuma
bila pa kwenda.