Macho Yamevitoka

"Vya kupika ama vya kupanda?" Nduta aliniuliza,
mkono ndani ya gunia, Kangemi, saa moja asubuhi.
Vya kupanda, nikasema, nikaona haya kidogo:
shamba langu ni karai bovu
na magunia mawili ya udongo kando ya choo.

Hakucheka. Akanichagulia vilivyonyauka,
vilivyokunjana kama visigino vya mama,
kila kimoja macho yamekitoka, ya zambarau.
"Watu wa chipsi hawavitaki hivi. Vina haraka ya kuishi."
Kumi na viwili.

Nikavilaza chini ya kitanda, kwenye trei ya mayai.
Mvua ikachelewa. Mshahara pia.
Tarehe ishirini na nane niliinama na tochi,
sufuria mkononi.
Vikanikodolea.

Nimepanda tisa.