Laini Ina Mtu

Tumeishusha darini Jumapili, mimi na mjomba Shekiondo,
imefungwa kwa kanga ya marehemu mkewe:
kompyuta ya rangi ya chai ya maziwa,
kibodi na ubongo ndani ya ganda moja,
kumbukumbu yake yote kilobaiti sitini na nne.
Picha moja ya harusi kwenye simu yangu
haiingii humo hata kwa kusukumwa.

Chumvi ya Tanga haimstahi mtu.
Imekula skrubu, imekula miguu ya kapasita mbili.
Nimelehemu mpya hapa dukani, Barabara ya Kumi na Mbili,
feni ikinirudishia moshi usoni,
naye juu ya ndoo iliyopinduliwa ananihesabia:
wageni thelathini na mmoja,
mmoja Muheza, wawili Korogwe, daktari wa Bombo,
karani wa bandari aliyepiga usiku kwa simu ya ofisi.
Ubao, ndivyo alivyouita.
Unapiga, modemu inalia kama paka aliyekanyagwa,
unasoma, unabandika shairi lako,
unakata simu kabla bili haijakukata wewe.
Akiingia mmoja, wengine wangoje nje.

Kisha simu za waya zikafa. Nguzo zikabaki zimesimama
kama watu waliosahau walichotumwa.

Basi nimeidanganya mashine.
Nimeichomeka kijibao, kidogo kuliko kiberiti,
kinachojifanya modemu.
Upande huu kinasema lugha ya zamani, polepole;
upande ule kinaongea na dunia nzima kwa bando la wiki.
Mashine haijui. Ikiambiwa simu inaita, inaamini,
inanyanyua mkono wa simu ambao haupo.

Saa nne usiku tukafungua mlango.
Kwenye televisheni, kwa buluu:
KARIBU UBAONI. JINA LAKO NANI?

Dakika haikutimia. Mgeni!
Mjomba akavaa miwani, akafunga na kifungo cha shati.
Mgeni akaandika: admin.
KARIBU, NDUGU ADMIN. UNATOKA MJI GANI?
12345.
UNAPENDA MASHAIRI AU HABARI?
0000.
Akaondoka. Akaja mwingine, naye admin.
Akaja wa tatu, ukoo ule ule.

"Watu gani hawa," mjomba akauliza, "wasiobisha hodi?"
Si watu, nikamwambia. Ni mashine
zinazozunguka usiku kucha zikijaribu komeo za kila nyumba.
Nikataka kuzizuia. Akanishika mkono.
"Ziache ziulizwe. Huenda hazijawahi kuulizwa mji wao."

Hadi saa saba tulikuwa tumepokea mia mbili na kumi,
na hakuna aliyejua anatoka wapi.

Nikalala kwenye busati. Aliniamsha kwa kidole cha mguu.
Herufi zilikuwa zinakuja moja moja,
mchele unaochambuliwa na mtu asiye na haraka:
h o d i

JINA LAKO NANI?
Tabia Semhando.
UNATOKA MJI GANI?
Zamani Korogwe. Sasa mbali, theluji hadi dirishani.
UNAPENDA MASHAIRI AU HABARI?
Hakujibu upesi. Tuliuona mshale ukipepesa,
mjomba akipepesa nao.
Mashairi.

Mashine ikakwaruza diski, ikatafuta, ikakwaruza,
ikatoa mshororo wa mwisho uliobandikwa,
Novemba, tisini na sita, mwenyewe mwenye ubao,
usiku aliong'oa waya ukutani:

*Nyumba nimeacha wazi, ni nani kabaki ndani?*

Sikuwa nimewahi kumwona mjomba akiwa hana la kusema.
Alishika tu ile kanga, akaikunja, akaikunjua.
Na huko kwenye theluji mtu akahesabu mizani,
akafuta neno, akaliandika upya, akafuta:

*Sijatoka hata juzi, nilisinzia kitini.*

Nje, kina admin waligonga, wakagonga.
Laini ilikuwa na mtu.