Mengineyo

Ajenda zilikuwa nne:
kufungua, muhtasari uliopita,
mapato na matumizi,
mengineyo.

Mimi nilikabidhiwa daftari
kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka,
si kwa kuwa nina la kusema.

Kikao cha saa nane kilifunguliwa saa kumi na nusu.
Viti arobaini vya plastiki, vya kuazima msibani kwa akina Nanguka.
Watu ishirini na wawili. Mbuzi mmoja.
Akidi haikutimia.
"Tuendelee tu, jamani," akasema Mwenyekiti, "sote ni ndugu."
Nikaandika *akidi*,
mkono ukasita hapo.

Mapato yakasomwa mbio mbio,
kama hitima ya marehemu aliyeacha madeni.
Mchango wa mtaro: kaya mia na nane, elfu tano tano.
Saruji, mifuko kumi na miwili.
Kokoto, tripu tatu.
Mengineyo, elfu ishirini na nne.

Tukapiga makofi.
Makofi yetu ni mepesi, tumeyazoea tangu shule.

Basi tukafika kwenye mengineyo,
ile saa ya watu kutafuta kandambili zao kwa vidole vya miguu,
na Asinahabi Chitanda, muuza ming'oko,
akasimama bila kunyoosha mkono.

"Tripu tatu? Mie nakaa pale mtaroni tangu alfajiri.
Nimeona moja.
Naikumbuka kwa sababu dereva alikula ming'oko yangu kwa mkopo
na hadi leo hajalipa.
Hizo mbili zilipita juu?"

Kimya.
Kisha mtu akacheka, nyuma kabisa.
Kisha kandambili, moja moja, zikarudi chini ya viti.

Mwenyekiti akatazama saa:
magharibi imekaribia, tusije tukachelewa swala.
"Bado dakika arobaini,"
akasema kijana Mnali, kwa upole.
"Mimi ndiye naadhini."

Mbuzi akaondoka. Watu hawakuondoka.
Walikuja na wengine, wakasimama ukutani,
hata wale wa upande wa Chuno ambao mtaro hauwahusu,
nami nikahesabu upya, kichwa kwa kichwa,
nikarudi juu ya ukurasa, kwenye lile neno lililosubiri.

"Hilo la kokoto usiliandike," akaninong'oneza Mwenyekiti,
"hayo ni mengineyo tu."

Kalamu yangu ilikuwa imeisha wino.
Nikamwomba yake.
Akanipa, bila kufikiri.